Kisa cha nyutrofili 1,380: safari ya shemeji yangu kuingia kwenye utafiti wa dawa ya saratani ya utumbo mpana

Shemeji yangu ana miaka 53. Ni mzaliwa wa Tanga, anaishi jimbo la Ohio nchini Marekani, na kazi yake ni udereva wa malori. Ana saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye mapafu na matezi ya tumboni. Amekubali nieleze kisa chake kwa sharti moja, kwamba jina lake na majina ya hospitali anazotibiwa yasitajwe. Naandika kwa sababu maneno mengi ya Kiswahili kuhusu ugonjwa huu huishia kwenye "kapime mapema", na ndugu zetu ambao hatua hiyo imeshawapita hubaki bila wa kuwaeleza kinachofuata.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Aliona damu chooni, akaambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka, miezi ikapita. Marekani tangu 2021 inashauri kila mtu aanze kuchunguzwa utumbo mpana akifika miaka 45. Yeye alikuwa na 50 na hakuna aliyewahi kumgusia habari hiyo. Alipopelekwa kufanyiwa kolonoskopi, ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni. Akaanzishiwa kemo ya FOLFOX pamoja na bevacizumab, dawa inayozuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu, ikamshika vizuri kwa karibu mwaka mzima. Uvimbe ulipoanza kukua tena akahamishiwa kemo nyingine, FOLFIRI. Na hiyo nayo ikafika mahali ikashindwa.

Kisa chenyewe kinaanzia hapo, kwenye chumba cha daktari, siku ya majibu ya CT skani. Daktari alionyesha vivimbe viwili vya mapafu vilivyokuwa vimeongezeka, kisha akasema anapendekeza TAS-102, ambayo ni kemo ya vidonge, pamoja na bevacizumab. Ni tiba ya kweli yenye ushahidi: katika utafiti wa SUNLIGHT, uliokuwa na wagonjwa 492, nusu ya waliopewa dawa hizo mbili waliishi zaidi ya miezi 10.8, ilhali kwa waliopewa TAS-102 peke yake ilikuwa miezi 7.5. Marekani iliidhinisha mchanganyiko huo Agosti 2023. Karani alikuwa ameshaanza kutafuta tarehe ya kuanza dozi.

Dada yangu akauliza: "Daktari, kabla hajaanza hiyo, kuna utafiti wowote wa dawa mpya anaoweza kuingia?"

Daktari aliiweka kalamu chini. Alisema hilo ndilo swali la siku ile, na kwamba wengi humuuliza miezi mitatu au minne baadaye, wakati mgonjwa ameshachoka na damu imeshachafuka. Nimekuja kuamini kwamba swali lile, kwa kuulizwa siku ile, ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata.

Kwa nini siku ile

Kila utafiti wa dawa una orodha ya vigezo vya kumpokea mtu, na vingi kati ya hivyo huharibika kadiri siku zinavyokwenda. Mgonjwa anatakiwa awe anajimudu: anatembea, anajihudumia, ikiwezekana anafanya kazi nyepesi. Ini na figo ziwe zinafanya kazi. Awe na uvimbe unaoweza kupimwa kwenye picha. Kati ya dozi ya mwisho ya tiba ya zamani na dozi ya kwanza ya utafiti zipite wiki mbili hadi nne, ili dawa ya zamani itoke mwilini. Tafiti nyingine zina kikomo cha idadi ya tiba alizokwisha kupata. Anayeanza tiba mpya leo na kukumbuka utafiti kesho atalazimika kuacha, kusubiri, na kupimwa upya.

Tena TAS-102 hushusha chembe nyeupe za damu, hasa zile zinazoitwa nyutrofili. Kwenye SUNLIGHT, zaidi ya wagonjwa 4 kati ya 10 waliopewa dawa hizo mbili walishuka sana. Wakati huo hatukujua kwamba kwa shemeji hilo lingekuwa jambo zito kuliko yote.

Daktari na familia wakapatana jambo ambalo ningependa kila familia ilipate: tarehe ya mwisho. Tutafute kwa wiki nne. Zikiisha bila nafasi, ataanza TAS-102 bila kusubiri zaidi. Makubaliano hayo yalimtuliza shemeji kuliko maneno yote ya kumtia moyo, maana alichokuwa akikiogopa ni kukaa bila dawa huku watu wakipiga simu.

Karatasi ya uvimbe

Kabla ya kufungua kompyuta tuliomba nakala ya ripoti ya vinasaba vya uvimbe wake. Ilikuwa imelala kwenye faili tangu mwaka wa kwanza wa matibabu, na nyumbani hakuna aliyekuwa ameisoma. Mistari mitatu ndiyo iliyokuwa na uzito: MSS; KRAS G12D; na jeni za HER2 na BRAF, ambazo zilikuwa za kawaida.

Mstari wa kwanza ulijibu ujumbe uliokuwa umezunguka kwa muda kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwaka 2022 madaktari wa Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza kwamba wagonjwa 12 wa saratani ya puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, waliopewa dostarlimab, dawa ya kinga, yaani inayoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, walipona uvimbe wote bila upasuaji wala mionzi. Habari ile ni ya kweli, na ndugu walioituma walituma kwa mapenzi. Lakini wagonjwa wote 12 walikuwa na uvimbe ambao seli zake zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya DNA. Uvimbe wa namna hiyo ni kama asilimia 15 ya saratani zote za utumbo mpana, na kwa waliokwisha kusambaa ni karibu asilimia 5 tu. MSS maana yake uwezo huo bado upo, na dawa za kinga zikitumiwa peke yake kwa kawaida hazifanyi kitu. Shemeji alikuwa upande wa wengi.

Mstari wa pili ndio uliofungua njia. Kama wagonjwa 4 kati ya 10 wana mabadiliko ya jeni ya KRAS, na kwa miaka mingi maana yake ilikuwa moja: dawa za cetuximab na panitumumab hazitawafaa. Sasa herufi ya mwisho ina maana yake. Wenye G12C, ambao ni asilimia 3 au 4 tu, wana dawa zilizokwisha kuidhinishwa Marekani: adagrasib pamoja na cetuximab tangu Juni 2024, na sotorasib pamoja na panitumumab tangu Januari 2025. G12D ndiyo inayoonekana zaidi kwenye utumbo mpana, ila wakati tunatafuta haikuwa na dawa yoyote iliyoidhinishwa. Ilikuwa na tafiti. Kila kituo tulichopigia simu, swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa: "KRAS gani?" Asiyejua jibu hurudishwa akaulize.

Kutafuta

Orodha kuu ni ClinicalTrials.gov, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na iliyo wazi kwa umma tangu 2000. Kila utafiti una namba yake inayoanza na NCT, ikifuatiwa na tarakimu nane. Ukiandika tu jina la saratani ya utumbo mpana unaletewa mamia ya tafiti, zikiwemo za vipimo, za lishe, za upasuaji na zilizokwisha miaka kumi iliyopita. Mpwa wangu alikata tamaa jioni ya kwanza.

Mambo mawili yaliibadilisha kazi hiyo. La kwanza, kuacha kutafuta kwa jina la kiungo peke yake. Dawa nyingi mpya, hasa za awamu ya kwanza, yaani zinazoanza kujaribiwa kwa watu, huandikishwa kwa jina la jumla, yaani uvimbe wa viungo mbalimbali uliosambaa, na neno utumbo mpana halionekani popote kwenye kichwa cha habari. Tulipoandika KRAS G12D kwenye sehemu ya maneno ya ziada zikajitokeza tafiti ambazo utafutaji wa kwanza haukuzigusa. La pili, kuangalia kama bado unaandikisha washiriki na tarehe ya mwisho ambayo taarifa zake zilihuishwa. Dawa ya MRTX1133, kwa mfano, iliandikwa sana mitandaoni kama tumaini la wenye G12D, na ndugu mmoja wa Dubai alitutumia makala yake kwa furaha. Utafiti wake ulikuwa umeshasimamishwa.

Ipo pia orodha fupi iliyochujwa kwa ajili ya watu wa MSS, na historia yake inanigusa. Ilianzishwa na Tom Marsilje, mkemia wa dawa wa California aliyekuwa miongoni mwa waliotengeneza ceritinib, dawa ya saratani ya mapafu. Akapata saratani ya utumbo mpana mwenyewe, ikasambaa, na akaanza kujiwekea orodha ya tafiti zenye maana kwa mtu wa aina yake. Aliwagawia wagonjwa wenzake badala ya kuifungia kwenye kompyuta yake. Alifariki 2017. Shirika la Fight Colorectal Cancer likaiendeleza kazi hiyo. Kwetu sisi orodha ya namna ile ilikuwa na thamani ya pekee, maana mtu anayejua sayansi alikuwa ameshatupa makapi.

Dada yangu alinunua daftari la mistari na kulichora safu kwa rula: namba ya NCT, dawa, mji, jina la mratibu, wiki za kusubiri baada ya kemo, kama wanakubali mwenye uvimbe kwenye ini. Safu ya mwisho aliiweka kwa sababu baadhi ya tafiti za dawa za kinga kwa watu wa MSS, kama za botensilimab na balstilimab, zimeonyesha matumaini zaidi kwa wasio na uvimbe hai kwenye ini, na vigezo vyao hufuata hilo. Shemeji hana kitu kwenye ini, kwa hiyo hata mlango huo tuliuacha wazi kwenye daftari.

Kisha simu. Nilidhani nafasi kwenye utafiti hupatikana kwa kukidhi vigezo. Kwa awamu ya kwanza kuna zaidi ya hilo: dawa hujaribiwa kwa makundi madogo ya watu, kiwango kikipandishwa hatua kwa hatua, na kundi moja lazima lipite muda wa kuangaliwa kabla kundi linalofuata halijafunguliwa. Unaweza kufaa kwa kila kitu na ukaambiwa nafasi itafunguliwa baada ya wiki tatu, au imegawiwa mji mwingine. Ndiyo maana tulipiga simu vituo kadhaa kwa wakati mmoja, na daktari wake akatuma barua ya rufaa kwa zaidi ya kimoja. Hakuna aliyeona vibaya. Waratibu wenyewe walituambia wanategemea hivyo.

1,380

Kituo cha kwanza kilichotoa nafasi kilikuwa jirani. Shemeji akaenda kupimwa, akarudi amechangamka. Siku ya pili mratibu akapiga simu: nyutrofili ni 1,380 kwa kila mikrolita ya damu, na utafiti unataka zisipungue 1,500. Wanaruhusu kurudia kipimo. Wiki moja baadaye zikawa 1,420. Mlango ukafungwa. Dada aliuliza kama hawawezi kumvumilia kwa tofauti ndogo kama ile, akajibiwa kwa upole kwamba vigezo vikishaandikwa na kupitishwa, hakuna daktari wala mratibu anayeruhusiwa kuvilegeza kwa mtu mmoja.

Kila mtu alidhani ni mabaki ya FOLFIRI. Lakini dada ni mtu wa kutunza karatasi, na ndani ya bahasha ya kaki yenye vyeti vya chanjo na hati za uhamiaji kulikuwa na majibu ya damu ya shemeji ya 2016, miaka kabla ya saratani, wakati akiwa mzima na anacheza mpira kila Jumapili. Nyutrofili: 1,300. Mwaka ule hakuna aliyesema neno.

Hapa ni lazima nieleze kwa utulivu, kwa sababu jambo hili linawahusu wasomaji wangu wengi na ni wachache wanaolijua. Sehemu kubwa ya Waafrika wa kusini mwa Sahara, pamoja na watu wengi wa Yemen na Oman, hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu za damu. Urithi huo uliwakinga mababu dhidi ya malaria ya vivax. Kwa Wamarekani weusi, karibu theluthi mbili wako hivyo. Mtu wa aina hii huwa na nyutrofili chache kwenye damu inayochotwa mkononi, na bado hapati maambukizi zaidi ya mwenzake. Si ugonjwa wala upungufu wa kinga. Viwango vinavyoitwa vya kawaida vilipangwa kwa kupima zaidi watu wenye alama hiyo, na kikomo cha 1,500 kikanakiliwa kutoka utafiti mmoja hadi mwingine.

Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye damu yenye afya kwa asili yake anahesabiwa hafai. Inauma. Wanasema Waafrika hawajitokezi kwenye tafiti, kisha huyu amejitokeza, amesafiri, ametoa mkono wake, na kilichomrudisha ni urithi wa bibi yake. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa damu na wa saratani wameanza kulisema hili waziwazi, na baadhi ya tafiti mpya zimeshusha kikomo au kuweka kifungu maalumu kwa watu wa aina hii. Baadhi tu.

Daktari wa shemeji aliagiza kipimo cha Duffy, ambacho maabara ya benki ya damu hukifanya bila shida. Jibu lilitoka kama tulivyotarajia. Dada akachora safu nyingine kwenye daftari, kikomo cha nyutrofili, akarudi kwenye orodha yote kuanzia juu na kusoma vigezo vya kila utafiti upya. Tafiti mbili zilikuwa na kikomo cha 1,000. Utafiti mmoja ulikuwa mwendo wa saa nne kwa gari, wa dawa ya vidonge inayolenga G12D, awamu ya kwanza. Mratibu wake alipotumiwa majibu ya 2016, jibu la Duffy na barua ya daktari, alisema kwamba kwa kikomo chao hata asingezihitaji, ila amefurahi kuziona kwenye faili. Nafasi ilikuwa moja, ikifunguliwa siku kumi baadaye.

Angalia sasa TAS-102 ingefanya nini. Kama angeianza siku ile ya CT skani, nyutrofili zake zingeshuka kutoka hapo hapo 1,400, na pengine hata 1,000 asingefika kwa wakati. Sindano za kupandisha chembe nyeupe haziwezi kutumiwa kupitisha kipimo, maana tafiti nyingi hukataza zisitumike siku za karibu na uchunguzi.

Kutia saini

Kaka yake wa Tanga alituma ujumbe wa sauti mrefu. Kiini chake: "Ndugu yangu, wasije wakakugeuza panya wa maabara." Sikuiona hofu hiyo kuwa ya ujinga. Marekani, kati ya 1932 na 1972, wanaume weusi wa Tuskegee walinyimwa tiba ya kaswende ili watazamwe ugonjwa unavyokwenda, bila kuambiwa. Sheria za leo za ridhaa na kamati za maadili zilitokana kwa sehemu na aibu hiyo. Tulimjibu kaka kwa mambo yanayoweza kuhakikiwa: utafiti una namba yake, umepitishwa na kamati ya maadili, mgonjwa anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida, na hakuna kidonge cha bandia kwa sababu kila mshiriki wa awamu hii anapewa dawa.

Shemeji huongea Kiingereza kazini kila siku, lakini fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa zaidi ya ishirini. Aliomba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yake: sheria ya Marekani inataka maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Mkalimani aliyepatikana kwa video alikuwa mama wa Bukavu, wakasalimiana kwanza habari za nyumbani, kisha wakaenda aya kwa aya. Walipofika kwenye faida, daktari wa utafiti alisema wazi kwamba lengo la kwanza ni kujua kiwango salama cha dawa, na kwamba huenda yeye binafsi asipate nafuu yoyote.

"Kwa hiyo hamniahidi kitu?" shemeji akauliza.

"Hatukuahidi," mama akatafsiri.

Akasema sawa, naichukua nyumbani nikaisome. Aliirudisha Jumatatu ikiwa na maswali matano yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, na la tatu lilikuwa kuhusu habasoda. Kabatini mwake kulikuwa na chupa ya mafuta ya habasoda na mfuko wa unga wa mlonge kutoka Tanga, na alikuwa akitumia vyote viwili kila asubuhi bila kumwambia daktari yeyote. Mfamasia wa utafiti aliomba aviache, kwa kuwa mitishamba inaweza kubadilisha jinsi ini linavyosaga dawa, na hapo hakuna anayejua tena kiwango halisi kilichomo mwilini. Aliviacha. Nilimheshimu sana kwa kulitaja mwenyewe, kwa sababu wengi wetu hulificha hilo kwa hofu ya kukaripiwa.

Kilichochelewesha kidogo ni kipande cha uvimbe. Utafiti ulitaka kipande kilichohifadhiwa kwenye nta tangu upasuaji wa kwanza, na hospitali ya mwanzo ilichukua muda kukituma. Dada alipiga simu maabara yao kila asubuhi hadi kikafika.

Gharama na siku za kazi

Dawa ya utafiti na vipimo vya utafiti hulipwa na mwenye utafiti. Vipimo ambavyo angefanyiwa hata asingekuwa kwenye utafiti hulipwa na bima yake. Sheria ya afya ya Marekani inazuia bima binafsi kukataa hilo, na tangu Januari 2022 Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo inalazimika kulipia. Mafuta ya gari na hoteli walirudishiwa kwa kadi maalumu. Kisicholipwa ni siku za kazi. Siku ya kwanza ya dawa alichomwa sindano ya kuchukua damu mara nyingi kwa saa nane, nusu saa baada ya kidonge, saa moja, mbili, nne, na kuendelea, kisha akarudi kila wiki kwa mwezi mzima. Sheria ya likizo ya 1993 inampa mfanyakazi wa kampuni kubwa wiki 12 kwa mwaka bila malipo, na inaruhusu kuzichukua siku mojamoja. Alizichukua hivyo. Msikiti wao ulichangia kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Kaka wa Tanga, alipotulia, aliuliza la kwake: jirani yake huko ana ugonjwa huo huo, afanyeje? Nilimweleza kadiri ninavyojua. Tafiti za Afrika huandikishwa kwenye orodha ya Pan African Clinical Trials Registry yenye makao Cape Town, na Shirika la Afya Duniani lina ukurasa unaokusanya orodha za nchi zote pamoja. Tanzania, utafiti wa dawa lazima upitie NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa maadili, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa dawa, kwa hiyo anayedai ana utafiti aulizwe vibali hivyo. Mahali pa kuulizia ni kwa madaktari wa hospitali za Ocean Road na Muhimbili, Dar es Salaam. Tafiti za dawa kama hii ya G12D kwa kawaida hazifiki huko, na kumsafirisha mgonjwa nje ni vigumu, kwa sababu utafiti hauleti viza wala haulipii matibabu yake ya kawaida. Lakini aombe kipimo cha protini nne kwenye kipande cha uvimbe, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, ambacho ni cha maabara ya kawaida ya patholojia. Kikionyesha upungufu, yaani uvimbe wa aina ya wale 12 wa New York, ramani yake ya tiba inabadilika kabisa. Na mtu yeyote anayemtaka alipie dawa ya majaribio, amkimbie.

Alipofika

CT skani ya kwanza, baada ya wiki nane, ilionyesha vivimbe vimepungua kwa asilimia 18. Kwa kipimo kinachotumika duniani, kupungua kunahesabiwa kuanzia asilimia 30 na kukua kuanzia 20, kwa hiyo kwenye karatasi iliandikwa kwamba ugonjwa umetulia. Shemeji alisikitika kidogo, akitegemea neno tamu zaidi. Daktari akamgeuzia skrini akaone mwenyewe ukubwa wa kabla na wa sasa. Kikohozi kimekwisha, anapata kichefuchefu saa za asubuhi na kuharisha siku chache kila mzunguko, na amerudi barabarani kwa safari fupi. CT skani ya pili ilikuwa vilevile, bila ukuaji.

Dawa za namna hii mara nyingi hufika siku saratani ikazizoea, na daktari hakumficha. Mpango umeshaandikwa kwenye faili: TAS-102 na bevacizumab bado hajazigusa, nyutrofili zitafuatiliwa kwa kiwango chake cha asili cha 2016, na wiki mbili kabla ya kila CT skani dada anapiga simu kwenye vituo vitatu vya daftarini kuuliza nafasi zilizopo. Juzi alipiga. Kimoja kimefungwa, kimoja kina foleni, na cha tatu kimeshusha kikomo chao cha nyutrofili hadi 1,000.